Aliyemlilia Mfalme

Mwaka wa sitini na saba, mtu aliyetaka kuwasikia wanawake wa Kajificheni wakigombana alikwenda kwa Kidawa siku ya Jumatatu asubuhi. Kidawa alikuwa mshoni. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha la uchochoroni, na mkeka wa wateja ulikuwa haukunjwi. Jumapili alasiri wanawake walikwenda sinema kwenye zanana, onyesho lao wenyewe ambalo mwanamume haruhusiwi kutia mguu, na siku ya pili wakaja kwa Kidawa na vitambaa. Huyu anataka mkono kama wa dada yake bwana harusi, yule anataka shingo ile ya siku aliyotoroka msichana. Kidawa hakuhitaji picha. Gauni akiliona mara moja gizani, kesho yake analikata.

Kutoka kwenye mikono na shingo maneno yalihamia kwenye filamu zenyewe. Ya jana ilikuwa kubwa, au ilikuwa filamu tu? Neno "kubwa" halikutolewa ovyo mle chumbani. Kwa mwaka mzima zililipata filamu tatu au nne, na hizo nazo ziligombaniwa.

"Farasi," alisema Bi Biasha, mjane wa makamo ya mama zao, aliyeanza kwenda sinema tangu filamu hazijajua kusema. "Pasipo farasi hapana filamu kubwa. Farasi mia, vumbi, na mtu mmoja mbele yao. Yaliyobaki yote mambo ya jikoni."

"Basi na zile za wachunga ng'ombe na bunduki nazo kubwa?" Mwatum alimuuliza. "Mle farasi tele."

"Wale si farasi. Wale punda warefu."

Mkeka mzima ulicheka. Mwatum alikuwa mwalimu wa skuli, na shoga yake Kidawa tangu walipokuwa wakisoma juzuu chuo kimoja. Siku zile skuli zilikuwa zimefungwa, ndiyo maana asubuhi ile alikuwapo. Alikuwa na tabia ya kunyanyua kidole kabla ya kusema, kama kwamba anajiruhusu mwenyewe.

"Mie nnasema filamu kubwa iwe kama utenzi," alisema. "Utenzi una vita, una safari, watu wanakufa, na ukishamalizika unabaki na jambo la kufikiri siku tatu. Urefu peke yake si kitu. Ile ya mwezi uliopita ilikuwa saa tatu na nusu, na mtu alikuwa akitafuta pete."

Kidawa alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akiliweka pindo la gauni la mteja mpya. Mteja huyo aliitwa Bi Time. Alitoka Makunduchi, hajatimiza miezi minne mjini, na mumewe alikuwa na cheo serikalini. Cheo gani, hakuna aliyeuliza. Alikuwa mkimya. Alikuja kupimwa mara mbili kwa gauni moja, na mara zote mbili alikaa mpaka adhuhuri akisikiliza.

Kidawa alizitema pini kiganjani.

"Nyote mnasahau ile ya mfalme," alisema. "Ile ya kabla ya Ramadhani. Kapinduliwa, anatoka kasri kwa miguu, furushi lake kalishika mwenyewe. Anafika langoni, anasimama. Mnajua kwa nini kasimama? Hajui kulifungua. Tangu azaliwe anafunguliwa milango. Kasimama anangoja, na hapana mtu. Hata akaja askari mmoja katika wale wale waliompindua, akavuta komeo, akamfungulia, wala hawakutazamana." Alijipangusa jasho kwa mgongo wa mkono. "Vita vyote vile na tembo wale, mimi sikushtuka. Lakini pale langoni, wallahi, nlimlilia mfalme yule kama nlivyomlilia baba yangu. Filamu kubwa ni hiyo. Hata ingekuwa haina farasi mmoja."

Bi Biasha aligeuza uso akatazama uchochoroni. Mwatum alikohoa, kisha akasema kwa sauti ya juu kidogo, "Ya Kihindi ile, ya zamani," kama anayemweleza mtu aliye nje ya dirisha. Hapo ndipo Kidawa aliposikia alichokisema. Ilikuwa haijatimia miaka minne tangu mapinduzi yaliyomng'oa sultani, na katika mji ule mtu alichagua pa kulitamka neno mfalme. Alinyanyua macho. Bi Time alikuwa akimtazama, midomo yake ikicheza polepole bila ya sauti, kama mtu anayehifadhi.

Alhamisi alikuja mwanamume wa baiskeli, kavaa kaki, akampa karatasi. *Ndugu Kidawa Usi, unatakiwa ufike ofisini, chumba nambari saba, Jumatatu saa tatu asubuhi, bila ya kukosa.* Chini palikuwa na muhuri na saini isiyosomeka. Sababu haikuandikwa.

Kidawa aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa. Kisha akaenda kuliondoa gauni la Bi Time kwenye msumari, akalitia nyuma ya mlango asilione.

Mumewe, Silima, alikuwa fundi bomba wa serikali. Jioni ile alikuwa akila muhogo aliposomewa barua.

"Umesema nini?" aliuliza.

"Sikusema kitu."

"Kidawa."

"Tulikuwa tunazungumza filamu."

Akamsimulia. Alipofika langoni, Silima alilirudisha tonge sahanini.

"Katika filamu zote," alisema, "mfalme."

"Mfalme wa filamu, Silima! Ya Kihindi!"

"Wewe unajua hivyo, na mimi nnajua. Mwenye karatasi anajua?" Akanawa mikono na chakula hakijafika nusu. "Nisikilize. Neno lolote watakalokuuliza, kataa. Hukusema, hukusikia, ulikuwa unashona. Mimi nnakula kwa mkono wa hao hao."

Usiku wa Ijumaa na mchana wa Jumamosi Kidawa hakuwa na jambo jengine kichwani. Alikata mikono ya gauni la bibi harusi, akaishika kutazama, akaona yote miwili ya kushoto. Kitambaa kilikuwa cha mwisho, hapana tena dukani. Alijaribu kuyakumbuka maneno yake kama yalivyotoka. Alisema "nlimlilia" au "nnamlilia"? Palikuwa na tofauti kubwa hapo. Alimwendea Bi Biasha kumuuliza.

"Ulisema ulimlilia sultani," Bi Biasha alijibu bila ya kufikiri.

"Nlisema mfalme!"

"Mfalme, sultani, si wote wanakaa kasri? Mwanangu, mimi mtu mzima, usinitie katika maneno hayo. Mimi nlisema farasi tu."

Mwatum ndiye aliyemtuliza, au aliyejaribu. Alimwambia Jumapili asikose zanana, kwani asipoonekana watu watajua ana jambo. Basi akaenda. Nje ya sinema ulikuwa msongamano wa mabuibui, na ndani yake Kidawa aliisikia sauti ya kishamba inamwita: "Bi Kidawa! Bi Kidawa, ningoje, nna neno nawe!" Bi Time alikuwa akipenya kati ya watu, mkono juu. Kidawa alijifunika ukaya usoni, akajichomeka katikati ya familia moja ya watu asiowajua, akaingia nao, akakaa safu ya mbele kabisa, shingo imepinda. Ukuta mzima ulijaa majeshi. Mji uliteketezwa, mama alimpoteza mwanawe mtoni, wanawake nyuma yake walilia kwa sauti. Yeye aliona rangi tu zinapita. Taa zilipowashwa alitoka kwa mlango wa pembeni, na hata wakati wa mapumziko hakuthubutu kugeuka.

Jumatatu alikaa kwenye benchi la ukumbini tangu saa mbili. Watu walipita na mafaili, hakuna aliyemtazama, na kutotazamwa huko kulimtisha zaidi. Saa tatu na robo aliitwa.

Mle chumbani alikuwamo mtu mwembamba wa makamo, ana mafua, kitambaa mkononi. Hakumpa jina lake. Alimwonyesha kiti, akapenga, akavuta karatasi.

"Jumatatu iliyopita nyumbani kwako palikuwa na mazungumzo ya filamu."

"Sikumbuki, bwana."

"Hukumbuki." Akainamia karatasi, akasoma kwa sauti iliyoziba: "'Nilimlilia mfalme yule kama nilivyomlilia baba yangu.' Nani alisema maneno haya?"

Kidawa aliyasikia maneno yake yanatoka kinywani mwa mtu mwengine, yamenyooshwa kama ya gazetini.

"Si mimi," alisema.

"Si wewe?"

"Mimi nakuwa na pini mdomoni, bwana. Siwezi kusema."

Yule mtu alimtazama kidogo. "Ndugu, maneno yamesemwa nyumbani kwako, na mtu aliyeyasikia tunamwamini. Tunamtaka aliyeyasema. Kama si wewe, ni nani?"

Angeweza kusema amesahau. Angeweza kusema wateja ni wengi, wanaingia wanatoka. Baadaye alizifikiria njia zote hizo, moja moja, na zote zilikuwa wazi. Lakini alichokiona pale ni Silima na lile tonge lake, na mlango ulioko nyuma ya mgongo wake, na jina lililokuwa karibu zaidi na ulimi wake kuliko majina yote.

"Mwatum," alisema. "Mwalimu Mwatum Mcha."

Yule mtu akaandika. "Anasomesha wapi?"

Akamwambia. Hata hilo hakuulizwa mara mbili.

"Haya, ahsante. Nenda zako."

Alifika nyumbani, Silima akamuuliza, akajibu, "Nimekataa," na Silima akasema, "Alhamdulillahi." Hakumwambia yaliyobaki. Alikaa kwenye cherehani akasukuma gurudumu bila ya kitambaa. Asubuhi ya Jumanne alivaa buibui, akaenda mpaka skuli ya Mwatum, ambayo ilikuwa imefunguliwa jana yake. Alisimama ng'ambo ya barabara. Aliwasikia watoto wakiimba hesabu, na kidole cha Mwatum alikiona dirishani, kimenyanyuliwa. Akarudi. Adhuhuri akaenda tena, akarudi tena. Jioni, baada ya magharibi, alikwenda Kikwajuni alikokaa Mwatum na mama yake mgonjwa, akabisha hodi kabla hajapata nafasi ya kuogopa.

Mwatum alikuwa amekaa sakafuni na rundo la madaftari, lakini kalamu nyekundu ilikuwa imefungwa. Karibu yake palikuwa na karatasi yenye muhuri.

"Imekuja leo mchana," alisema. "Mwalimu mkuu kanipa kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya. Kesho saa tatu, chumba nambari saba. Nimekaa hapa tangu alasiri nnatafuta nimefanya nini."

"Mimi ndiye," Kidawa alisema.

"Wewe ndiye nini?"

"Wameniuliza nani alimlilia mfalme. Nimewaambia ni wewe."

Ndani, mama mtu alikohoa, kitanda kikalia. Mwatum hakunyanyua kidole.

"Ukawapa na jina la skuli?"

"Waliniuliza."

"Ukawapa." Akayapanga madaftari yakae sawa. "Basi nishukuru. Angalau sasa nnalijua kosa langu."

Kisha akasimama, akaanza kueleza, kwa sauti ile ile ya darasani. Dawa ya mama, ile nyeupe, asubuhi na jioni, si na maziwa. Usiku hapendi kulala peke yake. Ufunguo wa sanduku uko chini ya mtungi. Sanda yake alishainunua mwenyewe, imo sandukuni, asije mtu akahangaika. Kidawa alisimama mlangoni akiyasikia hayo yote, na alipojaribu kusema Mwatum alimkatiza: "Si na maziwa, umesikia?"

"Kesho n'takwenda mimi," Kidawa alisema. "N'takwenda nikawaambie ukweli."

"Na Silima?"

"Silima atajua mwenyewe."

Mwatum hakumwambia nenda, wala hakumwambia usende.

Asubuhi ya Jumatano walikutana kwenye benchi la ukumbini, wakasalimiana kama watu wanaojuana kwa mbali. Jina la Mwatum lilipoitwa wote wawili waliinuka. Kidawa ndiye aliyetangulia kuingia, na hakungoja kuonyeshwa kiti.

"Ni mimi, bwana. Maneno nliyasema mimi. Huyu hakusema ila habari ya utenzi, na kisha akakohoa. Mkimtaka mtu, mtu ni mimi."

Yule mwenye mafua aliiweka kalamu chini. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Kwani nyinyi mnadhani mmeitiwa nini?" aliuliza.

Alipenga, akapekua mafaili, akatoa bunda la barua zilizofungwa kwa uzi. Wanawake wa zanana, alisema, walikuwa wakiandika tangu mwaka jana kulalamika. Filamu zinakatwa mpaka mtu hajui nani kafa na nani kaolewa. Kamati ya kuzitazama filamu kabla hazijaonyeshwa ilikuwa na wanaume watupu, na wanaume hao wakibishana ipi kubwa na ipi upuuzi wanahesabu mizinga. Ilikuwa imeamuliwa atafutwe mwanamke. Mwenzao mmoja akawahadithia maneno aliyoyapata kwa mkewe, aliyeyasikia nyumbani kwa mshoni, bila ya kutajwa nani kayasema: habari ya mfalme asiyejua kufungua lango. "Tukasema huyo ndiye tunayemtaka. Filamu hiyo mimi nliiona. Lile lango sikuliona."

Mwatum alishika ukingo wa meza. "Barua yenu haikusema," alisema. "Mngeandika mstari mmoja. Mmoja tu."

"Mtu akiitwa anakuja," yule mtu alijibu, kwa mshangao wa kweli. "Hatuna kawaida ya kueleza."

Akamgeukia Kidawa. Hakuwa na hasira, na Kidawa angependa kama angekuwa nayo.

"Maneno yako mazuri, ndugu. Lakini kwenye kamati mtu ataulizwa na wakubwa: filamu hii nani kaipitisha? Inatakiwa aseme mimi, tangu mara ya kwanza." Akaivuta karatasi mpya, akamtazama Mwatum. "Hebu nieleze hiyo habari ya utenzi."

Mwatum alikaa, akaeleza. Alianza kwa sauti ndogo, na kidole kikainuka polepole, na Kidawa, ambaye hakuna aliyemwambia atoke wala akae, alisimama karibu na mlango mpaka mwisho.

Walipofika nje Mwatum alikaa kwenye ngazi ya jengo, akacheka mpaka buibui likamshuka mabegani, kisha akalia kidogo, kisha akainuka akajipangusa vumbi. Walitembea pamoja hadi Mkunazini. Hapo Mwatum akasema, "Nawahi darasa," akaenda zake.

Bi Time alikuja siku ya pili kuchukua gauni lake. "Nlikwita pale zanana nikupe habari njema, hukunsikia," alisema. "Mie sijui kuhadithia kama nyie, Bi Kidawa, ndiyo maana nlikuwa nnayashika maneno yako nende nayo kwa mume wangu kama yalivyo. Yamefika vizuri?" Kidawa alimwambia yamefika vizuri. Hakumtoza kwa pindo.

Mwatum alikaa kwenye kamati miaka mitatu. Jumatatu sita zilipita hakuonekana pale mkekani, hata ile ya sikukuu, wakati filamu ya jana ilikuwa na farasi wengi hata Bi Biasha mwenyewe akasema wamezidi. Jumatatu ya saba, baada ya masomo, alikuja na kitambaa cha kijani mkononi. Wateja walikuwa wameshaondoka. Alivua buibui, akasimama katikati ya chumba, na Kidawa akachukua futi akaanza kupima mabega.

"Kama ingekuwa jela," Mwatum alisema, "ungekuja Jumatano?"

"Nlikuja nikidhani ni jela."

"Kweli." Akafikiri. "Lakini Jumatatu ulishanitaja, ukidhani ni jela."

"Nlikutaja," Kidawa alisema.

Futi ilikuwa imesimama begani. Kidawa alitafuta neno la kuongeza, na kila alilolipata lilikuwa na Silima ndani yake, au tonge, au mlango, akaona hayo si ya kumpa mtu. Nje mwuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, akapotea kwenye kona.

Mwatum akanyanyua mikono yote miwili mbali na mwili.

"Kiuno bado," alisema. "Nimenenepa."